Njia ya Mkato Isiyo na Njia ya Kurudi

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia kwa sababu bado naletewa simu zenye kosa lile lile. Mtu akitengeneza njia ya mkato, yaani mpango wa kuifanya simu itende jambo yenyewe, huwaza mwanzo tu. "Nikifika kazini, simu inyamaze." Haya, imenyamaza. Nani ataiamsha?

Nauliza kwa uchungu, maana yalinikuta. Niliipanga simu yangu iingie hali ya Usinisumbue, ile ya kuzima mlio wa simu na ujumbe, kila siku saa 3 asubuhi, wakati wa kikao. Ikatii vizuri mno. Wiki ya pili, mwanangu akaugua ghafla mchana. Kikao kilishakwisha zamani. Simu nilikuwa nayo mfukoni, ina chaji, ina mtandao, nami napita huku na huko nikiamini hakuna anayenitafuta. Nilijua jioni, nilipoitoa kuangalia saa. Najua kuna mtu hapa anataka kuniambia kwamba simu zinazorudiwa huruhusiwa kupita. Hupita, ndiyo, ila kwenye iPhone ni lazima mtu yule yule apige tena ndani ya dakika 3. Walionitafuta walikuwa watatu, kila mmoja kwa simu yake, wakipokezana. Simu haikukosea hata chembe. Nililoiagiza ililifanya, na kuamka sikuiagiza.

Halafu naambiwa, "Mimi nitakumbuka kuirudisha mwenyewe." Hutakumbuka! Kama kumbukumbu yako ingetosha kwa kazi hiyo, usingehangaika kuipanga simu ikufanyie.

Na zana zenyewe zimeshatufikiria. Wenye Android wanaotumia Tasker, programu ya kuipangia simu kazi, wanajua kwamba wasifu, yaani mpango, unaofuata mahali au muda una kazi ya kuingia na nafasi ya kazi ya kutoka. Ile ya pili ndiyo nakuta tupu, simu baada ya simu. Kwenye Shortcuts ya iPhone, ile programu ya Workflow ambayo Apple iliinunua mwaka 2017 na kuitoa kwa jina jipya mwaka 2018, kufika mahali na kuondoka ni mipango miwili tofauti. Ukitengeneza wa kufika ukaridhika, umejenga nusu. Lakini hatua yenyewe ya kuwasha Usinisumbue ina chaguo dogo ambalo watu hulipita bila kulisoma: iwake mpaka saa fulani, au mpaka uondoke hapo ulipo, au mpaka tukio la kalenda liishe. Ningelichagua siku ile, simu ya kwanza kabisa ingelia.

Kisha uijaribu kwa kuivuruga. Ondoka kabla ya muda. Kama mpango wako huanza simu inapoungana na gari, zima Bluetooth ghafla njiani uone kama mwangaza na sauti vinarudi vilivyokuwa. Mpango uliojaribiwa siku nzuri tu haujajaribiwa.

Muda unanikimbia. Njia za mkato za kupakua kwa watu msiowajua: fungueni msome hatua moja baada ya nyingine kabla ya kuziendesha, hasa zinazoomba picha au anwani zenu na kuzituma kwenye tovuti.

Kabla ya maswali, toeni simu zenu. Kila mmoja afungue mpango mmoja aliouunda mwenyewe, amwonyeshe jirani yake mahali unapoishia.