Mmea wa Haleakalā: miaka 50 ya kusubiri, ua mara moja

Haya jamani, leo nawapeleka Hawaii, kisiwa cha Maui, kuna mlima wa volkano unaitwa Haleakalā, mita 3,055, na huko juu kwenye majivu na kokoto, jua kali mchana na usiku baridi ya kugandisha maji, ndo unaota mmea ambao wenyeji wanauita ʻāhinahina. Huu wa Haleakalā haupo mlima mwingine wowote.

Ukiukuta ni majani tu, membamba, yamejikusanya duara, yana vinyweleo vya rangi ya fedha vinavyorudisha mwanga wa jua, na ndani ya jani kuna ute unaotunza maji. Unakaa hivyohivyo miaka 20, 50, mingine hata 90, bila ua hata moja. Halafu mwaka mmoja linachomoza bua refu kuliko mtu, vichwa vya maua mamia, zambarau, mbegu zinakomaa, mmea unakufa.

Watu wanashangaa bua, mimi nashangaa kitu kingine. Chavua yake yenyewe, yani ule unga wa maua, haiufai, lazima itoke kwa mmea mwingine. Yani umesubiri miaka 60, umechanua, kumbe mwaka huo majirani zako wote bado wanaota majani tu, basi imekula kwako, unakufa na mbegu zisizoota. Na wabebaji wakubwa wa chavua ni vinyuki vidogo vya hukohuko, havina mzinga, vinataga ardhini, na sisimizi walioingia kutoka Argentina wanavishambulia humohumo kwenye viota.

Zamani wageni waliing'oa kuonyesha kwamba wamefika kileleni, wengine waliibiringisha tu mteremkoni (raha gani hiyo mimi sielewi), mbuzi na ng'ombe wakamalizia, miaka ya 1920 ikawa karibu kwisha. Ikapigwa marufuku kuing'oa, baadaye ikazungushiwa uzio, ikarudi mpaka makumi ya maelfu. Mwaka 1992 serikali ya Marekani ikauingiza kwenye orodha ya mimea inayolindwa kisheria.

Ila tangu miaka ya 1990 inapungua tena, hasa ile ya chini kidogo mlimani, kwa sababu ya joto na ukame, miche michanga ndo inatangulia kufa. Na ukame huuwekei uzio. Sasa watafiti wanakuza miche, halafu wanaipanda sehemu tofauti za mlima waone ipi itadumu.

Ukijaliwa kufika, baki njiani, mizizi yake iko juujuu na ukikanyaga pembeni unaikata, hiyo picha ivute kwa zumu. Haya, maswali, naona mkono kule nyuma.