Barabara na Barabara: Kazi ya Mwendesha Chemsha Bongo

Asanteni, kaeni jamani, muda nimepewa mfupi. Wengi hapa mshanisikia nikilisema hili, kwamba mwendesha chemsha bongo lazima ajiandae kabla ya kusoma maswali, na leo nalirudia kwa sababu juzi nimewasha tivii nikakuta chemsha bongo ya wanafunzi, mwendesha kipindi anasoma swali kama vile ndo analiona mara ya kwanza, na kweli alikuwa analiona mara ya kwanza! Jina la mji kalivunja vipande, kacheka, karudia kivingine, na wale watoto vidole viko juu ya kitufe hawajui swali limeisha au bado. Mmoja akabonyeza mapema, pointi zikaenda. Niliumia, nikazima.

Ndo maana nawaletea tena Alex Trebek, yule mzaliwa wa Kanada aliyeendesha chemsha bongo ya tivii iitwayo Jeopardy! huko Marekani kuanzia Septemba 1984 hadi alipofariki Novemba 2020. Vipindi zaidi ya 8,000, mtu mmoja. Mchezo wenyewe mnaujua, linatolewa jibu na mshiriki analeta swali lake, hapo sikai. Mi nataka tuangalie kitufe.

Msimu ule wa kwanza mshiriki alikuwa anabonyeza muda wowote, hata Trebek yuko katikati ya sentensi. Vurugu, na mtazamaji nyumbani hapati hata nafasi ya kuwaza. Mwaka 1985 wakabadilisha. Trebek anasoma mpaka neno la mwisho, pembeni kuna mfanyakazi kazi yake ni kumsikiliza tu, silabi ya mwisho ikishatoka ndo anafungua vitufe na taa zinawaka kando ya ubao. Ukiwahi kabla ya hapo kitufe chako kinafungwa robo sekunde. Mtasema robo sekunde ni nini? Weka watu watatu wote wanalijua jibu, hiyo robo sekunde ndo pesa yenyewe! Ken Jennings, aliyeshinda mara 74 mfululizo mwaka 2004 akabeba zaidi ya dola milioni 2.5, mwenyewe kasema wazi kwamba kujua majibu peke yake hakutoshi, lazima ujue kubonyeza kwa wakati, na wakati huo unaupata kwenye mwendo wa sauti ya anayesoma. Kwa hiyo ile sauti ndo kipyenga. Msomaji akikwama, akivuta neno pasipovutwa, akicheka katikati, kamuonea mtu.

Trebek hilo alilijua. Walikuwa wanarekodi vipindi vitano kwa siku moja, na kipindi kimoja kina maswali 61, zidisha mwenyewe, 305. Asubuhi kabla ya kupaka poda anakaa na yote, anasoma moja moja, neno asilolijua anafungua kamusi, anaweka alama zake, hapa mkazo, hapa vuta. Halafu anaingia kikaoni na waandishi, swali lenye utata linajadiliwa linatolewa. Yani huyu mtu alikuwa kashafanya kazi nusu siku kabla hamjamuona usoni.

Sasa najua kuna mtu anawaza, mzee, Trebek si alikuwa na majibu kwenye karatasi, nani asiyeweza? Karatasi hata wewe utapewa! Yule wa juzi alikuwa nayo pia. Mwingine, hili ndo nalisikia sana, anasema Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa hatuna haja ya maandalizi. Haya, nisomee barabara. Ukiweka mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, ukiuweka kwenye ya pili ni sawasawa kabisa. Neno lile lile, herufi zile zile! Na hapo hatujafika majina ya miji kama Ouagadougou wala Antananarivo, na huyo mtoto wa kidato cha pili anakungoja wewe.

Trebek alikuwa anakataa kutambulishwa kama nyota wa kipindi, alitaka aitwe mwendeshaji tu, nyota ni washiriki na mchezo. Leo mwendesha kipindi anatumia dakika nne kujisifia viatu.

Naonyeshwa saa hapa, naona, naona. Nilitaka niwaeleze kashfa za miaka ya 1950, mshiriki Charles Van Doren kupewa majibu kwenye chemsha bongo ya Marekani iitwayo Twenty-One mpaka sheria ikatungwa 1960, hilo tutaliacha. Ila nyie mnaotaka kipindi kikubwa mwaka huu huu nisikilizeni, huyu Trebek ni mtoto wa mpishi wa hoteli kule Sudbury, Kanada, alianza CBC, shirika la utangazaji la huko, 1961 anasoma habari, hali ya hewa, michezo, kwa Kiingereza na Kifaransa, akaja Marekani 1973, kipindi chake cha kwanza huko kikafa ndani ya mwaka, vikafuata vingine navyo vikafa, Jeopardy! anaipata ana miaka 44. Machi 2019 akatangaza ana saratani ya kongosho hatua ya nne, akaendelea, siku ya mwisho kurekodi ni tarehe 29 Oktoba 2020, siku kumi kabla hajafa.

Haya, kuna karatasi zinazunguka huko nyuma, kila mmoja achukue moja. Maswali kumi, yana majina ya miji na ya watu. Chukueni dakika kumi myapitie, kamusi ziko mezani, kisha mmoja mmoja anapita hapa mbele anasoma.