Kuku wa mayai na nyama nyuma ya nyumba: maongezi na kina mama wa Busia, Uganda

Hamjambo kina mama, na wazee wangu wawili watatu niliowaona pale mlangoni, karibuni mbele jamani, viti vipo. Nimeombwa niongee juu ya kuku wa mayai na nyama, wale wa kufuga nyuma ya nyumba, kuku kumi, ishirini hivi, sio zaidi, manake ploti zetu hapa Busia mnazijua, jiko, choo, mti wa avokado, basi. Swali naloulizwa kila siku hata nikiwa sokoni nanunua mukene, wale dagaa wetu, ni hilo hilo, mwalimu, nichukue kuku gani? Na mi huwa sijibu kwanza, nauliza mambo mawili, chakula chake kitatoka wapi na nani ataatamia mayai. Ukinijibu hayo mawili ndio tunaweza kutaja majina.

Tuanze na huyu wetu wa kienyeji manake watu wanamdharau bure. Anataga mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka, wanasema mvivu. Sio mvivu! Hesabu na mimi: anataga kumi, kumi na tano, alafu anaketi juu yake siku 21, hapo hatagi, alafu anatembea na watoto wake miezi miwili mitatu akiwafundisha kuchakura na kukimbia mwewe, hapo pia hatagi. Mwaka wake umeisha kwa kulea. Mkimnyang'anya vifaranga wakiwa na wiki tatu hivi, mkawaweka mahali pa joto mkawalisha nyinyi, anarudi kutaga mapema, na mayai ya mwaka yanaongezeka bila kununua kuku mwingine yeyote. Kwa hiyo kabla ya kumchinja ili ununue wa kisasa, ngoja kidogo nitamrudia.

Sasa hao wa kisasa. Msiende kutafuta kuku ambaye anataga kama leya na kunenepa kama broila, hayupo. Leya mwili wake mdogo, kilo mbili hivi, kwa sababu chakula chake kinaingia kwenye yai, ndio anafika karibu mayai 300 kwa mwaka. Broila ndani ya wiki sita ana kilo mbili, chakula chote kimeenda kifuani. Na mwili mkubwa unakula kila siku hata siku ambayo hakuna yai, hilo ndilo watu wanasahau, jogoo wa kilo tatu na nusu anasimama pale uwanjani anapendeza, kumbe anakula chakula cha mitetea miwili ya kienyeji. Kuku wa mayai na nyama amekaa katikati, mayai pungufu ya leya, nyama inachelewa kuliko broila, ukikubali hilo mapema hutagombana naye.

Kuroiler mnamjua nyote. Alitengenezwa India, na mwaka 2010 mayai yake yakaletwa hapa Uganda, kazi ikafanywa na NAGRC, kituo cha taifa cha mbegu za mifugo kule Entebbe, pamoja na chuo kikuu cha jimbo la Arizona cha Marekani, wakamjaribu kwenye nyumba za vijijini kabisa, sio kwenye mabanda ya matajiri. Alishinda kuku wetu kwa kilo na mayai huku anakula mabaki na kuchakura, mtetea anakwenda 150 na zaidi kwa mwaka, na jogoo ndani ya miezi minne mitano anafika kilo tatu ukimlisha, wakati jogoo wetu wa umri huo bado mwembamba. Mi namkubali sana. Lakini ana mambo mawili. La kwanza, haatamii, anataga anaondoka, mayai ameacha hapo kama sio yake. La pili, huyu ni chotara, wazazi wake ni wa koo tofauti, kwa hiyo ukichukua mayai yake ukayatotoa nyumbani watoto hawatafanana naye, mmoja mkubwa mmoja mdogo, mayai yanapungua, na kizazi cha baadae hivo hivo. Mtu anasema Kuroiler wamebadilika, hawajabadilika, ni wajukuu.

Nami jina hilo la Kuroiler lilinichoma. Mwaka fulani nilinunua vifaranga 50 kwa mtu mmoja wa bodaboda, kreti nzuri, maneno matamu, Kuroiler halisi mwalimu. Nikalea miezi mitatu, nikanunua chakula kwa pesa ya karo ya mtoto, wakatoka majogoo karibu wote na wote wadogo wembamba, walikuwa madume ya leya ambayo mahali pa kutotolesha huwa hawayataki. Niliumia sana jamani. Tangu siku hiyo sinunui kifaranga ambaye sijaona alikototolewa, na naomba na nyinyi mfanye hivo, hata kama nauli inaongezeka.

Rhode Island Red na Black Australorp ni kitu kingine, hao ni mbegu safi, watoto wanatoka kama wazazi, ukiwa na jogoo na mitetea yako unaweza kuendelea mwenyewe miaka. Rhode Island ni mwekundu wa damu ya mzee, ametoka Marekani, mgumu, mtetea wake mayai 200 na kitu akitunzwa. Australorp ni mweusi wenye kung'aa kijani juani, wa Australia, mmoja wao kule inasemekana alitaga mayai 364 kwa siku 365. Msichukue hiyo kama ahadi! Na hata zile namba za vitabuni zisikupe presha, manake kuku anataka mwanga saa 14 mpaka 16 kwa siku ndio atage kwa nguvu zote, wenzetu wanawasha taa bandani, sisi hapa karibu na ikweta jua linatoka saa moja linazama saa moja, saa 12 tu mwaka mzima. Faida yake ni kwamba kuku wetu hawasimami miezi kadhaa kwa ajili ya mchana mfupi wa majira ya baridi kama Ulaya. Sasso wa Ufaransa naye yupo, nyama yake tamu na anakua haraka, ila anataka chakula cha kununua kuliko hawa wengine, kwa hiyo ukiwa na pesa ya chakula sawa, kama huna muache.

Chakula sasa, hapa ndio penyewe. Mtetea mkubwa anayetaga anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku kumi ni kilo moja na gramu 200, mwezi mzima ni kilo 36. Andika hiyo, piga mara bei ya duka lako leo, uone kama mayai yanalipa. Kama hailipi basi lazima nusu itoke kwenye uwanja, maganda ya matoke yaliyokatwakatwa, mchwa, majani, ugali uliobaki, pumba za mahindi na mukene kidogo uliosagwa, na kwa uwanja wa hivo chukua mwenye mwili wa wastani anayependa kutembea, sio mzito.

Nyumbani kwangu nafanya hivi. Nina mitetea minne ya kienyeji, hao ndio mama. Wakianza kuatamia nawawekea mayai ya Rhode Island, kumi tu manake ni makubwa kuliko yao, au kama nimepata vifaranga wa Kuroiler wa siku moja nawaingiza chini yake usiku, giza likiwa totoro, asubuhi anaamka anadhani ni wake. Hakuna jiko la mkaa la kuwapa vifaranga joto, hakuna stima. Jogoo ni mmoja, mitetea nane mpaka kumi, na kila mwaka nambadilisha na mtu wa mbali asije akapanda binti zake.

Magonjwa nitapita haraka kwa sababu daktari wa mifugo anakuja wiki ijayo, lakini kideri, ile Newcastle, haichagui mbegu, chanjo ya tone la jicho kila miezi mitatu minne, hasa kabla ya Krismasi wakati kuku wanasafirishwa huku na huku.

Kuna mama ameuliza je wakienda kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, upande wa Buganda jogoo wa Kuroiler atakubaliwa? Mama yangu, enkoko ya muko, yule kuku anayepewa kaka wa bibi harusi, ni jogoo wa kienyeji, na kwenye luwombo, kitoweo cha kupika ndani ya majani ya ndizi, pia watu wanamtaka huyo huyo kwa sababu ya mchuzi wake, ndio maana anauzwa bei nzuri hata akiwa mdogo. Sababu nyingine ya kutomaliza koo lake nyumbani.

Na mzee anauliza aanzie wapi kama ana kuku kumi na mbili na hajui nani anataga nani anakula bure. Swali zuri sana, hilo linatangulia kununua. Twendeni nyuma ya jiko, nimefunga mitetea mitatu. Unamshika hivi, kichwa kwapani, unagusa ile mifupa miwili ya nyonga karibu na tundu la yai, vidole viwili vitatu vikipita katikati huyo anataga, kikipita kimoja tu kwa shida huyo hatagi sasa hivi. Nyinyi wa mbele mtaanza kushika.