Kruzi ya kwanza Mediterania: anza na bandari, meli baadaye

Shikamooni wazee wangu, kaka na dada habari zenu, asanteni kwa kuja Jumapili yote hii. Nimeombwa niongee kuhusu kruzi, yani safari ya matembezi kwa meli, ya Mediterania kwa mtu ambaye hajawahi kupanda hizo meli, maana watu wengi hapa kwetu Uingereza wanauliza sana, kuna wanaotaka kuwachukua wazazi wanaokuja kutoka Mombasa au Tanga kipindi cha joto, kuna wanaosherehekea ndoa, na kwa vile kazi yangu ni kupangia watu safari nitawaambia yale yale ninayowaambia wateja mezani.

Watu wakija kwangu wanaanza na meli. Ananiwekea simu mbele, video ya bwawa la kuogelea, mteremko wa maji, migahawa, ukumbi wa muziki, halafu ananiambia nataka hii. Mimi namwambia sawa, meli nzuri, hebu tuiweke pembeni kidogo tuangalie ratiba, kwa sababu Mediterania karibu kila asubuhi meli inafunga gati mji mwingine na jioni inaondoka, yani mchana uko nchi kavu na ile meli unakuja kuifaidi usiku. Pesa yako nyingi inanunua masaa ya bandarini. Ukichagua bandari vibaya hata meli iwe na mabwawa kumi utarudi nyumbani umechoka na hujaona ulichokwenda kuona.

Sasa kusoma ratiba kwenyewe. Utaona imeandikwa Roma. Meli haifiki Roma jamani, inafunga Civitavecchia, mji wa bandari kama kilomita 70 hivi kutoka Roma. Tupige hesabu pamoja. Meli imefika saa moja asubuhi, mpaka umekunywa chai umeshuka ni saa mbili, kuna basi la bandari linakupeleka hadi Largo della Pace, pale unachukua basi lingine au unatembea hadi stesheni ya treni, treni inachukua kama saa nzima au na kitu, kwa hiyo umekanyaga Roma karibu saa nne. Meli inaondoka saa moja jioni, mwisho wa kupanda kwa kawaida ni nusu saa kabla, wewe lazima uwe kwenye treni ya kurudi saa tisa au tisa na nusu kwa sababu treni za Italia nazo huchelewa, na kuna siku wana mgomo. Umebaki na masaa matano. Matano kwa Roma! Na kila sehemu kuna foleni. Kwa hiyo mimi ushauri wangu ukipewa Civitavecchia chagua upande mmoja tu, shuka stesheni ya Roma San Pietro, tembea dakika kumi na tano uko uwanja wa Mtakatifu Petro, ona kanisa, kula, rudi. Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, iache kwa safari nyingine ambayo utalala Roma.

Livorno ni hivyo hivyo, ratiba inaandika Florence na Pisa. Pisa ni karibu, treni dakika kama ishirini. Florence ni saa moja na nusu kila upande, na bandari ya Livorno ni ya mizigo, huruhusiwi kutembea tembea ndani kwa miguu, mpaka basi likutoe. Na Venice ndo kabisa. Tangu Agosti 2021 serikali ya Italia ilizuia meli kubwa kupita ule mfereji wa Giudecca mbele ya mji, kwa hiyo nyingi zimehamia bandari nyingine, mojawapo Ravenna, na ratiba bado inaandika Venice kwa herufi kubwa na Ravenna kwa herufi ndogo. Kutoka Ravenna hadi Venice kwa basi ni zaidi ya masaa mawili kwenda tu. Kama moyo wako uko Venice nenda Venice kwa ndege ukalale. Na kama umeshafika Ravenna basi baki Ravenna, ina makanisa ya karne ya 5 na ya 6 yenye picha za vijiwe vya rangi ukutani na darini, hasa San Vitale, watu wanavipita kukimbilia basi na inaniuma kweli.

Bandari ninazozipenda kwa mtu wa mara ya kwanza ni zile ambazo ukishuka ngazi ya meli mji uko mbele yako. Napoli ni ya kwanza. Gati iko katikati ya mji, ngome ya Castel Nuovo iko pale pale, boti za kwenda kisiwa cha Capri zinaondokea jirani, na ukitaka Pompeii, ule mji wa kale uliofukiwa na volkano, unakwenda stesheni ya Garibaldi unapanda treni ya Circumvesuviana, dakika 35 mpaka 40, unashuka Pompei Scavi na geti liko hatua chache kutoka stesheni. Treni ni ya zamani, inajaa, haina kiyoyozi cha maana, shika mkoba wako mbele. Lakini Pompeii, jamani. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 ukaufunika mji mzima, na leo unatembea kwenye barabara zile zile za mawe, unaona michirizi ya magurudumu ya mikokoteni ilivyochimba jiwe, unaona mawe makubwa yaliyowekwa kuvuka barabara ili mtu asikanyage maji machafu. Kuna vibanda vya chakula, kaunta ya mawe ina matundu makubwa ya duara ambamo waliweka mitungi, mpita njia anapakuliwa hapo hapo, mimi nikisimama pale namuona kabisa mama ntilie na masufuria yake mchana wa saa saba. Kata tiketi mapema, maana tangu Novemba 2024 wanaingiza watu 20,000 tu kwa siku na tiketi inakuwa na jina lako. Beba maji na kofia, kivuli hakuna.

Ya pili ni Valletta, Malta, na hapa nawaomba sana, siku ya kuingia Valletta amka alfajiri. Panda juu kabisa ya meli. Bandari yao Grand Harbour ni ghuba nyembamba yenye ngome pande zote mbili, meli inapita pole pole katikati, kuta za mawe za manjano ziko karibu mpaka unaona watu wamefungua madirisha wanaanika nguo, na jua la asubuhi likipiga zile kuta zinageuka rangi kila dakika. Watu wengi wanalala wakati huo na wamelipia! Mji ulijengwa na wapiganaji wa shirika la Kikristo la Mtakatifu Yohana kuanzia 1566, ni mdogo, unauzunguka kwa miguu siku moja bila haraka. Kutoka gatini kuna lifti inaitwa Barrakka inakupandisha hadi bustani ya juu ya Upper Barrakka kwa hiyo hata mzee mwenye magoti mabovu anaweza, na saa sita mchana kamili pale wanapiga mzinga. Halafu ingia kanisa la St John's Co-Cathedral, kwa nje ya kawaida tu, ndani dhahabu tupu, na kuna ule mchoro mkubwa wa mchoraji Mwitaliano Caravaggio wa 1608 wa kukatwa kichwa Yohana Mbatizaji.

Kwa hiyo ukiniuliza nianze na mzunguko gani, nitakwambia ule wa magharibi wa usiku saba, Barcelona, Marseille, Genoa, Napoli, Messina, Valletta, kuna meli zinauzunguka wiki nzima na unaweza kupandia bandari yoyote kati ya hizo. Barcelona meli nyingi kubwa zinafunga gati la mbali kidogo, basi la bandari linakushusha chini ya La Rambla, ule mtaa maarufu wa matembezi, ila kanisa la Sagrada Familia lazima ukate tiketi ya saa maalum. Genoa unatembea. Messina unatembea, na saa sita mchana saa ya mnara wa kanisa inacheza, simba ananguruma na jogoo anawika. Marseille nayo gati liko mbali na mji wa kale, panda basi.

Ugiriki je? Ugiriki ni nzuri sana na Piraeus, bandari ya Athens, ina metro ya moja kwa moja hadi Monastiraki, chini ya Akropolisi, ule mlima wenye mahekalu ya kale. Lakini Santorini meli haifungi gati, inasimama katikati ya maji unashushwa kwa boti ndogo, halafu kupanda juu mji wa Fira kuna ngazi 588, au vibanda vinavyovutwa juu kwa kamba (cable car) ambavyo foleni yake meli zikijazana inaweza kula saa nzima na zaidi. Wapo wanaopanda punda, mimi siwashauri, ngazi zinateleza na wale wanyama wanateseka. Tena Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, bahari ikichafuka nahodha anaweza kuipita Santorini na huna wa kumlaumu. Mwezi wa tano au wa tisa ni bora. Miaka ya karibuni joto likizidi wanafunga Akropolisi mchana, usimpeleke mama yako wa miaka 70 pale mwezi wa saba.

Kuna dada kauliza kuhusu viza, na hili ni kubwa. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya, kibali chako cha kuishi Uingereza hakikuingizi Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lazima uombe viza. Ule mzunguko wa magharibi nchi zote nne, Uhispania, Ufaransa, Italia, Malta, ni Schengen. Ukichagua wa mashariki angalia sana, Uturuki na Montenegro haziko Schengen, kwa hiyo meli ikitoka Ugiriki ikaenda Kuşadası ya Uturuki ikarudi, wewe umetoka na kuingia tena, unahitaji viza ya kuingia mara nyingi, ya mara moja itakukwamisha. Kroatia imeingia Schengen 2023 kwa hiyo Dubrovnik hainitishi tena. Unaomba ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na watu wanakimbilia Uhispania kwa sababu ndo wanapandia meli, kumbe Italia ina bandari tatu, hesabu siku zako zote pamoja na usiku wa hoteli. Zikilingana ndo unakwenda ile unayoingia kwanza. Na wazazi wanaokuja kututembelea waombe Schengen huko nyumbani kabla hawajaja, wakiwa hapa kama wageni ni shida sana kupokelewa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, mnaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla, ombeni mapema.

Chakula halali, ndio, baba kauliza. Uliza kampuni kwa maandishi kabla ya kulipa, wengine wanaandaa ukiwaambia mapema, na wakikujibu tunza hiyo barua uionyeshe siku ya kwanza kwa mkuu wa mgahawa. Samaki na mboga hazikosekani, lakini kwenye bufee nguruwe yuko kwingi, uliza kila sahani.

Bei mnayoiona kwenye tangazo siyo yote. Kuna ada ya huduma ya kila siku kwa kila mtu, hata mtoto mara nyingi, kuna vinywaji, kuna wifi. Zima data ya simu mkiwa baharini, mtandao wa meli unakata hela balaa. Na bima, ile kadi ya GHIC ya Uingereza ya matibabu ukiwa Ulaya haifanyi kazi melini, daktari wa meli ni wa kulipia, kwa hiyo chukua bima iliyoandikwa wazi kwamba inahusu kruzi.

Chumba cha ndani kisicho na dirisha kinatosha kabisa kwa wenye bajeti, si tumesema mchana haupo.

La mwisho ni kuhusu ndege. Msiruke siku ile ile ya meli. Ndege ikichelewa kutoka hapa, meli haikungoji, na kuifuata bandari inayofuata ni kwa gharama yako. Ruka siku moja kabla, lala Barcelona au Genoa, jioni tembea mle, asubuhi unapanda meli umetulia na mizigo yako iko nawe. Haya, fomu za ratiba za mwaka huu ziko pale mezani kwa dada, na mwenye pasipoti ambayo imebakiza chini ya mwaka mmoja aje kwangu kwanza kabla hajaondoka tuangalie tarehe.