Bango Lipi Lastahili Tuzo?

Walimu wangu, wauguzi, matabibu na madaktari mliokuja kutoka Likoni, Kilifi na hata Lamu, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya kuyatuza mabango ya kidijitali, yale ambayo mtu huelezea kazi yake kwenye skrini hapa kongamanoni, nami naanza na methali tuliyolelewa nayo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kongamanoni methali hiyo haitoshi. Bango la karatasi lilitundikwa siku nzima, mpita njia akaliona apende asipende. La kidijitali limo ndani ya skrini pamoja na mengine mengi, usipolifungua hulioni. Chema hapo chahitaji mtu wa kukitafuta, na mtu huyo ni jaji.

Atafute nini? Tuseme mkufunzi wa wakunga ameleta bango kuhusu kuwafundisha wanafunzi kudhibiti damu inayovuja baada ya mama kujifungua. Wamefanya mazoezi kwa mwanasesere, na bango lasema waliyafurahia. Vyema. Je, walijifunza? Na walipoingia wodini, waliipima damu iliyomwagika au waliikisia kwa macho? Mmarekani Donald Kirkpatrick alizieleza ngazi hizi nne za kupima mafunzo tangu 1959: mwanafunzi aliyaonaje mafunzo, alijifunza nini, utendaji wake ulibadilika vipi, na matokeo yakawa yapi. Mabango mengi niliyoyaona huishia ngazi ya kwanza, na bado twayapigia makofi kwa sababu yamepambwa. Hilo laniuma, kwani anayelipa ni mama aliyelala kitandani.

Sura nayo ina nafasi yake. Mwaka 2019 Mike Morrison, mwanafunzi wa saikolojia huko Marekani, alipendekeza jambo moja kuu liwekwe katikati ya bango kwa maneno mepesi na herufi kubwa, na anayetaka zaidi aelekeze simu kwenye msimbo wa QR. Nakubaliana naye. Simama hatua chache mbali na skrini. Ukishindwa kusema bango ladai nini, mwandishi hajamaliza kazi. Wapo wanaochukua faili ya karatasi ya A0, milimita 841 kwa 1,189, wakaisukuma ndani ya skrini iliyolala. Maandishi yanakuwa kama punje za mtama, na dakika za kueleza zaishia katika kukuza jedwali kwa vidole. Video ikionyesha mikono ikikanda mji wa mimba, hiyo ina thamani ambayo karatasi haikuwa nayo. Ikiwa ni pambo tu, isiongezewe alama.

Majaji wawe wawili kwa kila bango, wakubaliane vigezo mapema, na asiwemo aliyemsimamia mwasilishaji. Wamsikilize mwenyewe mbele ya skrini. Kiingereza chake kikikwama, kisimpunguzie alama maadamu hoja yaeleweka. Nalisema hili makusudi: hapa Pwani tuna wakufunzi hodari ambao wakieleza kwa Kiswahili, hata mgonjwa angewaelewa.

Na tuzo yenyewe? Cheti ni kizuri, chasaidia siku ya kupandishwa cheo. Mshindi apewe pia dakika kumi kwenye skrini kubwa ya ukumbi, aulizwe maswali na wote. Wasioshinda, kila mmoja aondoke na mistari miwili mitatu ya majaji inayosema hasa kipi kirekebishwe. Fomu za kuandikia ziko mezani pale nyuma. Majaji wa kesho, tafadhali zichukueni kabla hamjatoka.