Neno "Usalama" Linapotamkwa: Safari ya Ole Wæver

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunamzungumzia Ole Wæver, mwanazuoni wa Denmark aliyejiunga na taasisi ya utafiti wa amani ya Copenhagen mwaka 1985, taasisi hiyo ilipokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa na Ulaya ingali imegawanyika, makombora ya nyuklia yakiwa pande zote mbili. Kaka Bakari, kipi kilichokuvuta kwake?

BAKARI: Swali lake, dada Rehema. Wengi katika taaluma ya usalama walihesabu vifaru na makombora ili wajue tishio ni kubwa kiasi gani. Yeye aliuliza ni nani aliyeliita jambo hilo tishio, alikuwa akimwambia nani, na baada ya kulitamka alipata ruhusa ya kufanya nini.

REHEMA: Mimi nilimwelewa nilipofikiria talaka. Mume anapoitamka haelezi habari za ndoa yake. Anaivunja papo hapo kwa kauli. Kwa Wæver, neno "usalama" katika kinywa cha mwenye mamlaka lina nguvu ya namna hiyo.

BAKARI: Ila hapa mtamkaji hatoshi peke yake. Katika kitabu cha mwaka 1998 alichoandika pamoja na Barry Buzan na Jaap de Wilde, wanasisitiza kwamba hadhira lazima ikubali, kwa maana kiongozi husema uhai wetu uko hatarini, na wasikilizaji wakiridhia ndipo anapoweza kuvuka kanuni za kila siku. Ndiyo maana aliyatazama matukio ya Ulaya Mashariki ya mwaka 1989, tawala za kikomunisti zilipoanguka, kama kauli iliyoshindwa: watawala walikuwa bado na majeshi yao, lakini neno lao lilikuwa limekwisha nguvu.

REHEMA: Sehemu hiyo kwangu ndiyo kiini cha kazi yake yote. Mwaka 1999 akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, na muda si mrefu neno "usalama" likaanza kufungua hazina pia.

BAKARI: Naam. Kati ya mwaka 2007 na 2013, Umoja wa Ulaya ulitenga takriban euro bilioni 1.4 kwa utafiti wa usalama wa kiraia: mipaka, majanga, ugaidi, miundombinu. Mtafiti anayeomba fedha hizo hutakiwa kuanza na tishio lililokwisha kutajwa, na naona hapo pana ugumu wa kweli kwa yeyote aliyelelewa na swali la Wæver.

REHEMA: Abiria naye aliiona nguvu ya neno hilo kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya. Kuanzia Novemba 2006 alisimama kwenye foleni, mkononi ameshika mfuko mmoja unaopitisha mwanga, chupa za mililita 100 ndani yake, na maji yake ameyaacha kwenye pipa. Hakuna aliyebishana.

BAKARI: Lakini walibishana kuhusu mashine za kukagua mwili. Mwaka 2008 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilitaka kuziingiza kama suala la kiufundi tu, na mwezi Oktoba Bunge la Ulaya likapinga, likitaka kwanza haki na afya za watu zijadiliwe. Kanuni za mwaka 2011 zilipotoka, mashine za eksirei hazikuruhusiwa, picha zilikatazwa kuhifadhiwa, na abiria akapewa haki ya kukataa mashine na kukaguliwa kwa njia nyingine. Wæver aliandika kwamba mara nyingi ni heri jambo lirudishwe kwenye mjadala wa kawaida, na hapo lilirudishwa.