Kurudi Kwenye Michoro Yako Baada ya Kukwama kwa Muda Mrefu

Karibu kwenye video hii. Kama umekaa miezi au hata miaka bila kuchora kitu chako mwenyewe, chukua daftari dogo, A5 linatosha, na kalamu ya wino. Kifutio kiweke mbali. Ukiwa nacho mkononi utamaliza nusu saa unasahihisha mstari mmoja, na kwa wengi wetu huko kusahihisha kabla picha haijazaliwa ndiko kunakokwamisha. Fungua ukurasa wa katikati, maana ule wa kwanza hutisha.

Sasa laza mezani mkono usioshika kalamu. Tutauchora bila kuangalia karatasi. Macho yaanzie ncha ya kidole gumba, kalamu iguse karatasi, kisha viende pamoja kwa mwendo wa kinyonga. Fuata kila kunjo la ngozi na kila ukingo wa kucha. Usiinue kalamu, na tafadhali usichungulie. Simamisha video, jipe dakika 5.

Tayari? Tazama. Vidole vimepishana na kiganja hakikufunga, na ndivyo inavyotakiwa. Angalia mistari yenyewe: inatetemeka pale ngozi ilipokunjamana, inanyooka pale iliponyooka. Hukuikariri popote. Mtu aliyeacha kuchora muda mrefu hurudi na jicho lilelile, pua ileile, vitu mkono ulivyovizoea. Zoezi hili humlazimisha kutazama upya. Rudia kwa kiatu, kwa funguo, kwa chochote kilicho karibu.

Mkono ukishalegea, chukua penseli laini, ya 4B au 6B. Ina udongo kidogo na grafiti nyingi, yaani ile kaboni nyeusi inayoandika, kwa hiyo inateleza na kuacha weusi bila kukandamiza. Chora watu wanaopita, sekunde 30 kila mmoja, ukisogeza mkono kutoka begani.

Sasa tufike kwenye picha yako. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu kazi ya mteja huja na maelezo, ila hii hakuna anayekuagiza. Andika vitu vitano ambavyo huchoki kuvitazama, hata kama hakuna mwingine anayevijali. Chagua kimoja. Chora visanduku sita, kila kimoja kisizidi sentimita 5, na ndani yake panga picha hiyohiyo kwa namna sita. Humo hakuna nafasi ya kope wala vifungo vya shati. Unabaki kuamua giza likae wapi, mwanga uingilie wapi, na kitu kikubwa kisimame wapi. Kisha chukua kile ambacho jicho linakirudia, hata kama si kilichochorwa vizuri kuliko vingine, ukihamishie kwenye karatasi kubwa.

Usimtumie mtu picha hii bado, nakusihi. Sifa na lawama zote zitakuhamishia macho kwa watazamaji mapema mno.

Na usiimalize leo. Acha ukiwa bado una hamu, kisha andika pembeni kwa penseli sehemu utakayoanza nayo kesho: "kivuli cha mlango", au "mkono wa kushoto".